Viatu vya Motokaa Wakati wa Masika

Masika yakikaribia, sisi watu wa milimani hutazama mapaa ya nyumba, akiba ya kuni na mifereji ya mashamba. Yafaa tutazame pia matairi ya motokaa zinazotupandisha na kutushusha. Wengi wetu hatuna motokaa, lakini sote twapanda.

Mtoto wa ndugu yangu hapa Kighare alinunua motokaa kuukuu iliyotoka Japani, apate kubeba abiria na ndizi. Akaniita niitazame.

"Baba mdogo, ona matairi haya! Kashata zake ni nene, hayajaisha hata kidogo. Masika haya hayatanisumbua."

Nikainama, nikasoma ubavuni: STUDLESS. Nikamwambia, "Mwanangu, haya ni matairi ya theluji."

Akacheka. "Basi ni bora zaidi! Tairi lisiloteleza juu ya barafu litashindwaje na tope la Upare?"

Swali lake si la kijinga, na wengi wangeuliza hivyo hivyo. Katika nchi za baridi, kama kisiwa cha Hokkaido kaskazini ya Japani, watu huweka matairi ya namna mbili, ya kiangazi na ya baridi. Mpira wa kawaida ukipoa chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi huanza kukakamaa, usishike barabara vema. Kwa hiyo tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira laini, na kashata zake huchanjwa mikato mingi myembamba kama ya wembe, ili ziume barafu. Yatokayo Ulaya huwa na alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Sasa lilete tairi hilo kwetu. Theluji tunayoijua sisi ni ile ya Kibo, na huko hakuna motokaa ipandayo. Lami ya Same wakati wa adhuhuri huwaka kama kikaango. Mpira ule laini huzidi kulainika, kashata huyumba, breki hukawia kushika, na tairi huisha upesi. Na tope letu si barafu. Ni udongo unaonata. Mikato ile myembamba hujaa tope mara moja, na tairi huteleza kama lenye kipara. Tope lataka mifereji mipana iliyoachana, ili tairi likizunguka lilitupe nje. Herufi M+S ubavuni maana yake ni tope na theluji, lakini usiziamini peke yake. Tazama mifereji yenyewe.

Jambo la pili ni umri. Ubavuni, ndani ya umbo kama yai, mna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Watengenezaji wengi husema tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 litupwe hata kama kashata ni nene. Matairi ya mwanangu yalikuwa yamepita miaka 10, na ubavuni yalianza nyufa.

Akanyamaza, kisha akasema, "Baba mdogo, fedha niliyobakiwa nayo ni ada ya mtoto."

Hapo ndipo penye uzito, wala sikumcheka. Nilimjibu, "Abiria hasomi ubavu wa tairi. Amekuamini wewe." Tukakubaliana asibebe watu mpaka apate matairi. Akabeba ndizi kwa miguu na mkewe majuma kadhaa, ada ikalipwa, na matairi manne yakapatikana kabla ya mvua kubwa.

Usiku mmoja wa masika aliamshwa amshushe mama aliyeshikwa na uchungu. Kwenye kona iliyo juu ya korongo, nyuma ya motokaa ilicheza kidogo, kisha ikashika. Mama alijifungua salama. Kijana alikuja kunieleza asubuhi, na mikono yake ilikuwa bado ikitetemeka.

Basi, wenye motokaa, shikeni haya. Nunueni ukubwa ulioandikwa kwenye tairi la zamani, mathalani 195/65 R15, ukiwa ndio uliowekwa na mtengenezaji wa motokaa. Mkipata mawili tu mapya, yafungeni nyuma, maana nyuma ikiteleza ni vigumu kuirudisha. Pimeni upepo asubuhi tairi likiwa baridi, na spea msiisahau. Vijidaraja vya mpira vilivyo ndani ya mifereji vikilingana na kashata, tairi limekwisha.

Nanyi abiria, tazameni kabla ya kupanda. Kumwuliza dereva habari za matairi yake si utovu wa adabu.