Adhana Haihitaji Kujua Unalala Wapi



Ndugu Waislamu, wazazi wenzangu, na vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni. Kila Ramadhani inapokaribia, ujumbe ni ule ule unaozunguka kwenye simu zetu, kuanzia Buyenzi hadi Nyamirambo, kutoka Goma mpaka Kampala: pakua programu hii ya adhana, watumie na wenzako upate thawabu. Nasi tunapakua. Tunamwekea mama, tunamwekea babu, tunamwekea na mtoto aliyenunuliwa simu kwa ajili ya masomo. Programu inapoomba ruhusa ya kujua mahali tulipo, wakati wote, tunabonyeza kukubali hata kabla ya kumaliza kusoma. Nani atamnyima muadhini ruhusa?

Mimi nasema tumekosea, na wa kwanza kukosea ni sisi wakubwa ambao vijana wanatuiga.

Hebu tuangalie yaliyotokea. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, kitengo cha habari za teknolojia cha Vice huko Marekani, waliripoti kwamba Muslim Pro, programu ya swala iliyokuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. X-Mode alikuwa dalali. Alikuwa akiwauzia wakandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao taarifa zikafika kwa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba wanaliuzia jeshi, lakini wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google waliwataka watengenezaji waondoe msimbo wa X-Mode katika programu zao.

Yaliishia hapo? Hapana. Januari 2021 waandishi hao hao waliripoti kuwa Salaat First, programu nyingine ya nyakati za swala, ilikuwa ikimpelekea taarifa dalali wa Ufaransa aitwaye Predicio. Mwaka 2022 Google iliziondoa kwa muda programu kadhaa zilizokuwa na msimbo wa kukusanya taarifa kwa siri, na mojawapo ilikuwa Al-Moazin Lite, ya adhana na kibla, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10. Hatimaye Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimpiga marufuku X-Mode na mrithi wake Outlogic kuuza taarifa za sehemu nyeti, na nyumba za ibada zilitajwa humo. Watu wanaswali miaka yote hiyo, na safari yao ya msikitini ina bei sokoni.

Najua jibu lililo tayari midomoni. "Mimi sina cha kuficha." Kauli hii inanikera kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa anajizungumzia yeye peke yake. Taarifa za madalali si lazima ziwe na jina lako. Zina nambari ya matangazo ya simu yako, na mistari ya saa na mahali. Lakini simu inayolala sehemu moja kila usiku imeshaonyesha nyumba yako. Inayokwenda mahali pamoja kila asubuhi imeonyesha kazi yako au shule ya mwanao. Ikikutana na simu nyingine 30 kila Jumamosi baada ya Magharibi, imeonyesha darsa lenu na wanaohudhuria. Je, wale 30 walikupa wewe ruhusa? Yule mama anayekuja kwa ustadhi kwa shida zake za ndoa, naye hana cha kuficha?

Dini yetu inatuamrisha kubisha hodi na kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, imo katika Surat An-Nur aya ya 27. Na Al-Hujurat aya ya 12 imekataza upelelezi. Tunawafundisha watoto madrasa wasichungulie kwenye mlango wa jirani, kisha tunawakabidhi mlango usio na komeo na kuwaambia ni wa kheri kwa sababu una picha ya Al-Kaaba.

Wapo wenzetu watakaosema basi tutupe simu. Sikubaliani nao. Mwanafunzi aliye mbali na nyumbani anahitaji simu, na Qur'ani iliyo mfukoni ni neema. Ninachobishania ni kidogo tu: programu ya swala haihitaji kukufuata. Ukiinyima mahali ulipo inafanya kazi vile vile, tena na chaji inadumu zaidi.

Fungua mipangilio, ingia kwenye programu, chagua hiyo ya swala, tazama ruhusa zake, na kwenye mahali ichague isiruhusiwe. Kisha ndani ya programu yenyewe andika jina la mji wako kwa mkono. Basi. Bujumbura haihami usiku. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu inakupa pia njia ya kuruhusu wakati unapoitumia programu tu, na tangu Android 12 unaweza kuifuta kabisa ile nambari ya matangazo, iko upande wa Google penye matangazo. Wenye iPhone, nendeni kwenye faragha, kisha ufuatiliaji, muuzime. Programu inayokataa kufanya kazi mpaka uipe mahali, majina ya simu zako na maikrofoni, hiyo ifute. Haijaja kuadhini hiyo.

Ama kibla, hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Kibla cha mji wako hakibadiliki. Kutoka kaskazini kuelekea mashariki, Kigali na Bujumbura ni kama digrii 22, Kampala ni 18, Nairobi ni 7, na Dar es Salaam ni kama digrii 1 tu. Andika nambari yako ukutani umemaliza. Simu nyingi za bei nafuu hazina hata dira ndani yake, na zilizo nayo hupotoshwa na chuma cha mlango au spika iliyo karibu, kwa hiyo ule mshale unaouzunguka chumba kizima ukiutafuta huenda unakupeleka kwingine kabisa. Ukitaka uhakika, ngoja tarehe 28 Mei (mwaka mrefu ni 27), au 15 na 16 Julai. Siku hizo jua linasimama juu ya Al-Kaaba. Mwezi Mei ni saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Kampala na Nairobi, maana yake saa tano na dakika 18 kwa Kigali, Bujumbura na Goma. Mwezi Julai ongeza dakika 9. Simamisha fimbo wima: ukitoka kwenye ncha ya kivuli kuelekea shina la fimbo, hicho ndicho kibla. Watoto hupenda sana jambo hili, wafanyieni.

Na nyakati za swala? Kwetu huku karibu na ikweta hazichezi sana, na kalenda ya mwaka jana ukiitumia mwaka huu tofauti haizidi dakika moja au mbili. Kinacholeta ugomvi wa daku kila Ramadhani ni jambo jingine ambalo watu hawalijui: njia ya hesabu. Programu moja imewekwa hesabu ya Rabita, inayohesabu Alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo. Nyingine ya Misri, 19.5. Nyingine ya jumuiya ya Amerika ya Kaskazini, ISNA, 15. Kwetu kila digrii ni kama dakika 4, kwa hiyo ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kupishana Alfajiri kwa dakika 12, au hata 18, mmoja amefunga, mwingine bado ana kikombe cha chai mkononi, na kila mmoja anaapa kwa simu yake. Ipate kalenda ya msikiti wako, linganisha Alfajiri yake na ya programu, ubadilishe njia mpaka zilingane.

Ninalo ombi kwa kamati za misikiti. Mnapobandika kalenda ukutani, andikeni chini yake njia ya hesabu mliyotumia na digrii za kibla za mji wenu. Ni mstari mmoja tu wa wino. Na maimamu wetu, kabla ya kutangaza programu yoyote baada ya swala ya Ijumaa, mwambieni kijana mmoja wa chuo aifungue kwanza atazame inaomba ruhusa gani.

Wassalaam alaykum.