Mrushaji na wiketi yake
Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilipochezwa kwa mara ya kwanza, kule Uingereza, Afrika Mashariki ilipeleka kikosi kimoja cha wachezaji wa ridhaa, Watanzania wakiwemo. Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, New Zealand iliwatandika vibaya: Glenn Turner peke yake alipata mbio 171, timu yetu nzima 128. Kikosini alikuwamo mrushaji kutoka Uganda, John Nagenda, aliyeondoka na wiketi moja, yaani alimtoa mpigaji mmoja. Hakucheza tena mechi ya ngazi hiyo. Lakini mtu huyo aliandika riwaya, akaandika safu gazetini kwa miaka mingi, akawa mshauri wa Rais Museveni, hadi alipofariki mwaka 2023. Namheshimu kuliko nyota wengi wa mamilioni, kwa kuwa alicheza kwa ridhaa na bado akafanya kazi nyingine. Lakini hapa Msasani, Dar es Salaam, nawaona makarani wa serikali wakishuka kwenye daladala jioni, tai mfukoni, wamechoshwa na foleni. Muulize mmoja kama anacheza mchezo wowote, atakwambia aliacha alipopata ajira. Inaniuma sana. SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa serikali, imewarudisha wengi kwenye netiboli na kuvuta kamba, na nawapongeza kwa dhati, ila mashindano yale ni ya msimu. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la kriketi la rika lao la 2026. Kesho watakuwa walimu, wahasibu, makarani. Waajiri, waruhusuni wawahi mazoezi, na manispaa itulindie viwanja vya Kinondoni visigeuzwe maegesho ya magari.