Mwezi Twautafuta kwa Macho, Damu Twaibahatisha

Kila ishirini na tisa ya Shaaban, sisi watu wa pwani hutoka ufukoni ama hupanda madarini kuutazama mwezi. Hatutosheki na kuambiwa "huenda umeandama." Twamtaka mtu aliyeuona kwa macho yake, aje ashuhudie, aulizwe aliuonea wapi na alikuwa na nani. Nami niliyelelewa chuoni naiona hii kuwa katika adabu zetu njema: jambo zito halijengwi juu ya dhana.

Adabu hiyo ilinirudia moyoni mwaka juzi nilipokuwa bara, katika vilima vya chai vya Nyamira. Mpwa wangu anasomesha huko. Nilipopata habari kuwa yu mgonjwa nilipanda basi Mombasa, nikalala njiani. Nilimkuta anatetemeka kwa homa. Zahanati moja ilikuwa imekwisha kumpa dawa ya malaria bila ya kumtoa hata tone la damu. "Ni malaria tu," aliambiwa, "wakati wake ndio huu." Siku ya tatu hawezi kusimama.

Tukamchukua hadi Kisii mjini, kwenye maabara ndogo. Kijana wa hapo akamdunga kidole, akaipaka damu juu ya kipande cha kioo, akaitia rangi, akainamia hadubini yake kitambo kirefu. Kisha akaniita: "Mzee, karibu utazame mwenyewe." Niliona viduara vya rangi ya waridi, kama shanga zilizomwagika. "Ingekuwa malaria," akasema, "ndani ya viduara hivi ungemwona mdudu kama pete ndogo. Nimemtafuta sana, simwoni." Kumbe ulikuwa ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa, akapona, Alhamdulillahi.

Nilimwuliza kijana yule, hadubini yaweza kuona kitu kidogo hadi wapi? Akacheka, akasema hata kioo kina mpaka wake. Naam, mpaka huo aliueleza Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873: vitu viwili vikikaribiana kuliko kiasi cha sehemu moja ya 5,000 ya milimita, mwangaza wenyewe huvichanganya vikaonekana kimoja. Mdudu wa malaria ni mkubwa kuliko hapo, ndiyo maana Mfaransa Alphonse Laveran aliweza kumwona mwaka 1880 huko Constantine, Algeria. Lakini molekuli, chembe zinazounda miili yetu na kila tukishikacho, zi chini mno ya mpaka huo.

Basi sikiliza walivyofanya wenye subira. Mwaka 1989, huko San Jose, California, W. E. Moerner na mwenziwe Lothar Kador waliitambua molekuli moja peke yake. Siri yao ilikuwa baridi. Walikizamisha kijiwe chao kiangavu katika heliamu iliyogeuzwa maji, kiasi cha digrii 271 chini ya sifuri. Penye joto molekuli hutikisika, na rangi ya hii ikamwagikia ya ile, kama kelele za sokoni. Penye baridi ile hutulia, kila moja ikashika rangi yake, nao wakaziita moja moja kwa mwale wa leza, kama mwalimu aitavyo majina chuoni.

Na mpaka wa Abbe ulipitwaje? Mvuvi wa Lamu atafahamu upesi. Karabai mbili zilizokaribiana mbali baharini huonekana mwanga mmoja. Lakini ikiwashwa moja ikazimwa, kisha ikawashwa ya pili, utajua kila moja i wapi. Ndivyo Eric Betzig alivyofanya mwaka 2006: aliziacha molekuli ziwake chache chache, akapima katikati ya kila mwanga, akazikusanya nukta zikawa picha. Stefan Hell alipita njia nyingine, ya leza mbili. Wawili hao pamoja na Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Siku hizi wako wanaoziunganisha hila hizo, baridi na kuwasha kwa zamu, kwani molekuli iliyo baridini hudumu kuwaka, na mahali pake hupimika barabara zaidi.

Wala tusidhani elimu hii ni ya wengine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo yapata mwaka 1040, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manazir ya kuwa jicho huona kwa mwangaza uingiao kutoka kwenye kitu. Na sisi tuliosoma Surat Zilzala tungali wadogo twajua ya kuwa hata dharra ina hesabu yake.

Wako watakaosema hiyo ni anasa ya matajiri, yatuhusu nini? Yatuhusu. Kisii iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake humtuliza hata mdudu wa malaria: chini ya digrii 16 hivi hakui ndani ya mbu. Kwa hiyo miili ya wenyeji haikuzoeana naye, na miaka ya 1990 alipolipuka katika nyanda hizo aliwakuta hawana kinga. Huko kubahatisha kwaua pande mbili: malaria isiyojulikana yaua, na ugonjwa mwingine uliofichwa kwa jina la malaria pia waua. Shirika la Afya Duniani limeagiza tangu mwaka 2010 kila anayeshukiwa apimwe kwanza.

Ikiwa watu wamekwenda hadi baridi ya digrii 271 ili wasidanganyike juu ya molekuli moja, sembuse tone la damu ya mtoto wa mtu? Kila zahanati, ya Nyamira na ya kwetu pwani, na iwe na hadubini nzima na mtu aliyefunzwa kuitazamia, ama walau kile kipimo cha haraka. Nawe msomaji, kabla ya kuimeza dawa, uliza: "Nani ameona?"

Kuona si kudhania, kwataka na utulivu,
Mbio ukiangalia, utaona tu mapovu,
Tone ukichungulia, hutibu kwa upumbavu,
Tabibu nakuusia, tazama ndipo unene.