Mwanafunzi Wetu Asiishie Tamhidi

Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Taala), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, misikiti yetu imezoea kuwaaga vijana wanaokwenda kutafuta elimu Madina, Cairo na kwingineko. Tunawachangia nauli, tunawaombea dua, na wanaporejea tunawakabidhi mimbari. Wachache miongoni mwao hujaaliwa kuendelea na shahada ya uzamili, ambayo wenyewe huiita majistiri. Makala haya yanawahusu wachache hao, na hasa yanahusu mahali pamoja ambapo ni rahisi sana kwao kukwama: pale wanapotoka darasani na kutakiwa waandike risala.

Uzamili wa utafiti una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni masomo ya darasani, ambayo Al-Azhar huitwa tamhidi, na Saudi Arabia huitwa masomo ya manhaji. Hapo mwanafunzi husoma fani yake kwa kina, husoma kanuni za utafiti, kisha hufanya mitihani. Hatua ya pili ni risala yenyewe. Mwanafunzi huchagua maudhui, kisha huandika mpango wa utafiti, yaani khuta. Humo hueleza swali analolitafutia jibu, sababu za kulichagua, yale waliyoyaandika waliomtangulia, na jinsi atakavyoigawa kazi yake kwa milango na fasili. Mpango huo hupitiwa na idara, kisha na baraza la kitivo. Huweza kukataliwa, na huweza kurudishwa ukarekebishwe. Ukikubaliwa, msomaji huandika chini ya msimamizi, na mwisho hukaa mbele ya wanavyuoni wanaomhoji hadharani juu ya kila alichokiandika.

Tofauti ya hatua hizi mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Darasani mwanafunzi huletewa kitabu, hupangiwa saa, na hutahiniwa katika yale aliyofundishwa. Katika risala hakuna kengele wala ratiba. Swali analiuliza yeye, dalili anazikusanya yeye, na kosa likipatikana ni lake. Aliyezoea kuhifadhi na kujibu hujikuta anatakiwa kupima na kutoa hukumu. Ndiyo maana mtu huweza kufaulu darasani kwa daraja ya mumtazi, kisha akakaa miaka miwili bila ya kupata hata anwani ya risala, na huku muda wa usajili una mpaka wake.

Wako wanaosema: "Haya makaratasi ya nini? Mashekhe wetu wa zamani hawakuwa na majistiri, na elimu walikuwa nayo." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwani elimu haiumbwi na cheti. Lakini tuwatazame hao wa zamani walifanya nini. Jabir bin Abdillah (Radhi za Allah ziwe juu yake) alisafiri mwendo wa mwezi mzima kwenda Sham kwa Abdullah bin Unais kwa ajili ya hadithi moja tu. Imam Shafii aliandika Ar-Risala, kisha alipofika Misri akaiandika upya. Huo ndio utafiti: kuhakikisha, kurejea, na kutoridhika na la kusikia. Risala ya chuo kikuu ni mazoezi ya mwendo ule ule.

Na haja ya mwendo huo kwetu ni ya leo hii. Chukua mfano wa Fuliza, huduma ya Safaricom iliyoanza Kenya mwaka 2019, ambayo humwezesha mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo katika simu kisha akatozwa ada. Je, ada ile ni ujira wa huduma au ni riba? Swali hili haliwezi kujibiwa sawasawa kwa kunukuu kitabu kilichoandikwa kabla ya simu kuwapo. Latakiwa lijibiwe na mtu aliyeisoma fiqhi ya mkopo, akayasoma masharti ya huduma yenyewe, kisha akayapima pamoja.

Chukua na mfano wa turathi zetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki mwaka 1947, aliacha kwa Kiarabu historia ya Mazrui wa Mombasa. Kitabu hicho kilihaririwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza na J. McL. Ritchie, kikachapishwa na Oxford University Press mwaka 1995. Twamshukuru aliyekifanya kazi hiyo. Lakini kuhakiki maandishi ya mkono ni fani inayofundishwa katika vyuo wanavyosoma vijana wetu, na risala za namna hiyo hukubaliwa huko. Kwa nini tuendelee kuwangoja wengine watusomee mashekhe wetu?

Sasa, ni nani anayemkwamisha mwanafunzi? Sehemu ni yeye mwenyewe. Hungoja mpaka masomo ya darasani yaishe ndipo aanze kutafuta maudhui, kisha kwa pupa huchagua lililokwisha kuandikwa mara nyingi. Wengine huingia katika programu ya Al-Maktaba Ash-Shamila, yenye maelfu ya vitabu, wakanakili kurasa bila ya kumtaja mwenyewe. Huo si utafiti. Ni khiyana katika amana ya elimu.

Lakini sehemu nyingine ni sisi jamaa wa misikiti. Tukisikia kijana amemaliza mitihani, tunampelekea salamu: "Rudi, madrasa haina mwalimu." Michango tuliyoitoa kwa nauli ya kwanza hukauka wakati huo huo anapohitaji kununua vitabu na kuzifikia maktaba. Akirudi tunamwita shekhe, tunampa vipindi asubuhi na jioni, na risala hulala katika sanduku. Na kuna mitihani isiyo mikononi mwetu. Vita vilivyozuka Khartoum mwezi Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Aliyekatikiwa njiani kwa sababu kama hiyo anastahiki asaidiwe kupata chuo kingine, asiachwe akahesabiwa kuwa amekwisha kusoma.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uliomtuma mwanafunzi umwandikie maswali yanayowatatiza watu wake, ya biashara, mirathi, wakfu na ndoa, ili achague maudhui mapema angali darasani. Pili, mchango ugawanywe, na fungu la risala litengwe lisiguswe kwa jambo jingine. Tatu, anaporejea, nakala ya risala iwekwe msikitini na muhtasari wake usomwe kwa Kiswahili baada ya swala, ili waliochanga wapate mavuno.

Nabii Musa (Alayhis Salaam) alipokwenda kutafuta elimu, sharti aliloshikwa nalo lilikuwa subira, kama inavyosimuliwa katika Suratul Kahf. Mwanafunzi anaihitaji subira hiyo, na jamaa aliowaacha nyumbani pia wanaihitaji.

Wabillahi tawfiq.