Urembo wa Ndani, Lakini Mnaangalia Sketi

Wasee, hii itakasirisha watu. Sawa tu.

Huku kwetu Rangwe wikendi haikosi ibada. Jumamosi ni Wasabato, Jumapili ni Wakatoliki, Legio Maria na kanzu zao, na makanisa ya mabati yenye spika kubwa kuliko mlango. Karibu kote nimeskia somo lilelile la wasichana: urembo wa kweli uko ndani. Mimi nakubali kabisa. Shida ni kwamba hiyo ndani hakuna mtu anaiangalia. Mahubiri yanaanza na moyo, lakini dakika ya tano tushafika kwa sketi, rasta, hereni na rangi ya kucha. Na mlangoni kuna mama amekaa na leso, anangoja magoti ya kufunika.

Niliacha chuo, kwa hivyo mtasema sina theolojia. Lakini kusoma najua. Ule mstari mnaoupenda, 1 Petro 3:3, unataja vitu vitatu: kusuka nywele, dhahabu, na kuvaa mavazi. Mavazi! Kama Petro alikuwa anapiga marufuku vitu, basi nguo pia zimekatazwa na sote twende kanisani uchi. Hakuna anayehubiri hivyo, kwa sababu kila mtu anaelewa Petro anaongea juu ya kipimo: thamani yako isitoke kwa hivyo vitu. Sasa kwani nguo tunaelewa, lakini rasta ndio inakuwa dhambi? Na mbona Biblia inafungwa kabla ya mstari wa 7, pale waume wanaambiwa wawaheshimu wake zao, la sivyo maombi yao yatazuiliwa? Hiyo sijawahi kuiskia kwa semina ya vijana.

Halafu ile ya 1 Samweli 16:7, kwamba Mungu haangalii sura bali moyo. Tunahubiriwa sisi wasichana kila siku. Hebu rudi usome. Aliyekuwa anaangaliwa hapo ni mwanaume, Eliabu, kaka yake Daudi, mrefu na mwenye sura nzuri. Na aliyekuwa anadanganywa na sura ni nabii mwenyewe.

Sasa tuje kwa kitu kinachoniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Homa Bay, wasichana 33 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2022 ikashuka hadi 23, lakini nchi nzima ilikuwa 15. Hizo mimba hazikuletwa na upepo wa ziwa. Na kuna makanisa ambayo tumbo likianza kuonekana, msichana anatolewa kwaya na kupelekwa benchi la nyuma. Mwanaume je? Yeye tumbo lake halikui. Amevaa suti, amefunga tai, anaimba besi. Na kama huyo msichana hajafika miaka 18, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaita kitendo hicho unajisi. Yaani aliyekosewa ndiye ameadhibiwa, kwa sababu yake imeonekana. Dhambi ya kuonekana inapewa benchi la nyuma, isiyoonekana inapewa maikrofoni. Kama hiyo sio kuangalia sura ya nje, niambieni ni nini.

Na msidhani nawatetea wale wa kuchubua ngozi. KEBS ilipiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, na zebaki inaharibu figo. Lakini msichana hakuamka tu akajichukia. Ameskia vijana wa kanisa lake, walewale wanaopiga amina kwa urembo wa ndani, wakisema wanatafuta "kabrown". Msimkemee yeye pekee.

Wachungaji, mkitaka kuongea kuhusu ndani, tuongee kweli. Tuulizane nani anasengenya, nani anapiga mke wake, nani hajamlipa mama mboga deni la mwezi mzima, nani anamtumia mtoto wa shule meseji usiku. Na wavulana wakae hapohapo waulizwe pia.

Dada yangu, upendeze au usipendeze, suka au nyoa, hiyo ni yako. Lakini ufanyie moyo wako kazi, kwa sababu huo hakuna saluni itakutengenezea. Na usikubali mtu aupime kwa futi ya fundi cherehani.

Kama kuna msichana amekalishwa benchi la nyuma kanisani kwenu, Jumapili hii usimpe mahubiri. Nenda ukae naye.