Tumfundishe Mwanafunzi Kutafuta Chanzo

Mwalimu akiwapa wanafunzi wake orodha ya hatua kumi za kutengeneza kompyuta, huonekana amekwisha kufundisha. Maoni yangu ni kwamba bado hajafundisha, na nitaeleza kwa kisa kimoja.

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Ujiji alinijia na kompyuta yake mpakato. Kila alipojaribu kuusasisha mfumo endeshi wake, yaani Windows, kazi ilikwenda hadi katikati, ikakwama, kisha kompyuta ikatangaza kwamba inarejea katika hali yake ya awali. Alikwisha kujaribu mara tatu. Fundi mmoja alimshauri afute kila kitu na kuuweka mfumo upya. Humo mlikuwamo maandalio yake ya masomo na alama za wanafunzi za muhula mzima, wala hakuwa na nakala nyingine popote.

Nilimwuliza, "Kompyuta ilisema nini iliposhindwa?" Akajibu, "Iliandika namba tu, Mwalimu, sikuitazama." Tulipoitazama, ilikuwa 0x80070070, ambayo maana yake ni kwamba nafasi katika diski haitoshi. Diski ilikuwa imejaa filamu. Tulinakili kwanza alama na maandalio kwenye flashi, tukaziondoa filamu, na usasishaji ukakamilika. Kijana yule alizikariri hatua zote. Hakuwahi kufundishwa kuuliza.

Napendekeza, basi, somo hili lifundishwe kwa maswali yenye mpango. Swali la kwanza: je, kuna nakala ya kazi zote? Hapa Kigoma tunao mfano wetu. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen, mafundi waliipaka kwanza mitambo yake grisi nzito. Meli iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ziwani kwa jina la Liemba. Waliohifadhi kabla ya kuzamisha ndio waliowawezesha waliokuja kuopoa.

Swali la pili: ujumbe wa kosa unasema nini? La tatu: je, mambo ya kawaida yako sawa, yaani nafasi katika diski, chaji ya betri, mtandao usiokatika, na tarehe ya kompyuta? Tarehe isipokuwa sahihi, kompyuta huweza kuzikataa hati za usalama za kule inakopakua, na kazi ikashindikana. Haya yote yakiwa sawa, ndipo huduma ya usasishaji isimamishwe, mafaili yaliyopakuliwa yafutwe katika folda ya SoftwareDistribution, na kazi ianzwe upya. Libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja, tena liandikwe daftarini; anayebadilisha matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya.

Swali la mwisho: je, ni kosa kweli? Windows 11 hudai, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kukataliwa huko si kuharibika. Hata hivyo mwenye kompyuta ya namna hiyo ajue kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na apange mapema la kufanya.

Wapo watakaosema kwamba vipindi ni vichache na orodha huokoa muda. Ni kweli kwamba huokoa muda wa leo. Lakini orodha huchakaa kila mfumo unapobadilika, na mazoea ya kudadisi hayachakai. Isitoshe, mwalimu atakayepangiwa Kagunga au Kalya, kandokando ya ziwa, hatakuwa na fundi jirani, na safari ya kuja Kigoma mjini si ya kwenda na kurudi baina ya vipindi viwili. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi. Kompyuta iliyogoma ni nafasi nzuri ya kulitimiza hilo.

Hapana budi, basi, tuwaletee wanachuo wetu darasani kompyuta zilizogoma, si zile nzima tu. Kisha sisi walimu tujizuie kutoa jibu, hadi wao wenyewe wawe wameuliza.