Nyaya za faiba zaweza kufichua nyufa za Bonde la Ufa

Mnamo Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok ilikatika karibu na Suswa baada ya mvua kubwa kufukua ufa mrefu ardhini. Vyombo vya habari ulimwenguni vikatangaza kuwa Afrika inapasuka vipande viwili. Baadhi ya wanajiolojia walipinga, wakisema maji ndiyo yaliyosomba majivu ya volkano yaliyojaza nyufa za kale.

Mabishano hayo yanaihusu pia Olkaria, kaskazini mwa Suswa, ambako kiwanda cha kwanza cha umeme wa mvuke nchini Kenya kilianza kazi mwaka 1981. Visima vyake hufuata joto hadi kilomita tatu chini. Lakini barabara, mabomba na nyumba za wakazi hutegemea mita chache za juu, ambazo nyingi ni majivu.

Mbinu ya kuzichunguza mita hizo ipo. Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na taasisi ya Ujerumani ya GFZ walitumia waya wa faiba wa kampuni ya simu, wenye urefu wa kilomita 15, katika rasi ya Reykjanes, Iceland. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalifichua hata nyufa ambazo hazikuwa zimejulikana.

Siri yake ni mwanga. Miale ya leza hupitishwa ndani ya waya, na sehemu ndogo yake hurudi. Ardhi inapotikisika, hata kwa kupitiwa na lori, waya hunyooka kidogo na mwanga unaorudi hubadilika. Kila mita chache za waya huwa kama kipimo cha tetemeko. Kwa kuwa mawimbi hupita polepole katika udongo laini, mahali palipolegea hujulikana bila kuchimbwa.

Hata hivyo, mbinu hii haitabiri tetemeko. Aidha, waya lazima ufukiwe vyema, kwani ule unaoning'inia kwenye milingoti husikia zaidi upepo.

Swali kuu ni nani atakayepewa matokeo. Mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Anayeambiwa ahamie ardhi nyingine ana haki ya kujua ilivyo chini ya nyasi.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana, nani atauziba?